Miguu haitaki: kutafuta chanzo cha uchovu wa misuli kwa wanasoka wa kike Nairobi

"Kocha, leo miguu haitaki." Kila anayefanya kazi na timu ya wanawake hapa Nairobi ameisikia kauli hiyo, na jibu huwa moja kati ya mawili: pumzika, au kaza roho. Yote mawili hutolewa bila kuuliza chochote. Uchovu wa misuli una vyanzo vingi, na tiba ya kimoja huharibu kingine. Aliyekosa chakula, ukimpumzisha bila kumlisha atarudi vilevile. Mwenye ufa kwenye mfupa, ukimwambia akaze roho utamkosa msimu mzima.

Hapa nafuata dalili jinsi wachezaji wenyewe wanavyozisema. Namwandikia mchezaji, na pia yule kocha msaidizi ambaye ndiye fizio, ndiye mtunza vifaa, na ndiye anayebeba mkoba wa huduma ya kwanza. Timu nyingi za ligi za chini hazina daktari. Macho ya kwanza ni yake.

Kabla ya kugusa mguu

Anza na saa. Uchovu unaoingia katikati ya mechi, unaokuja kesho yake, na ule usioondoka hata baada ya siku nne ni matatizo matatu tofauti. Kisha uliza wapi: ni miguu yote miwili kwa upana, au ni mahali pamoja panapofunikwa na kidole? Maumivu ya msuli uliochoka huenea, hayana ncha. Halafu uliza alikula lini na nini, na usiridhike na "nimekula". Chai na mandazi saa mbili asubuhi, mechi saa tisa alasiri: huyo hajala.

Swali la nne ni la hedhi, na makocha wengi wa kiume huliruka kwa haya. Liulizwe faraghani, na mwanamke mwenzake akiwepo ndiye aulize. Ukiliacha, utazunguka na barafu na mafuta ya kuchua mwezi mzima huku jibu liko kwenye damu.

"Nashikwa na misuli dakika za mwisho"

Mara nyingi ni shavu la mguu, mara nyingine nyuma ya paja, kwa kawaida baada ya dakika ya 70. Msuli unajikunja, ukiushika ni mgumu, na mchezaji yuko chini akipiga mayowe. Watu wote pembeni wanaitisha maji. Maji yana nafasi yake, lakini chanzo kikubwa ni msuli kusukumwa kupita ulichozoea, hadi neva zinazouongoza zinapoteza uwiano kati ya kukaza na kulegeza. Ndiyo maana kunyoosha huleta nafuu pale pale kuliko kinywaji chochote. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, shikilia mpaka msuli ulegee, kisha atembee polepole.

Akishikwa kila mechi, angalia kwanza kama mwendo wa mechi umewahi kuonekana mazoezini. Mchezaji wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 9 hadi 11 katika dakika 90. Kama wiki nzima mmepiga mipira ya adhabu na mechi ndogo nusu uwanja, dakika ya 75 ni nchi ya ugenini kwake. Dawa yake ni kuongeza mbio za kasi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Pili, angalia jezi ikikauka. Alama nyeupe za chumvi zinaonyesha anayepoteza chumvi nyingi, na huyo maji matupu hayamtoshi. Chumvi-sukari ya nyumbani inatosha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vijiko visawazishwe. Ukiwa na mizani, mpime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua irudishwe na lita 1.2 hadi 1.5 katika saa zinazofuata, si kwa mkupuo. Baridi ya Julai hudanganya sana hapa, kwa sababu mtu hahisi kiu kama wakati wa joto. Na nyasi bandia, kama zile za Camp Toyoyo, saa nane mchana jua likiwaka huwa moto kuliko nyasi za kawaida kwa kiasi ambacho hata nyayo zinahisi.

Tatu, njumu. Wengi wetu tunanunua mtumba, na nyingi zilizopo zimetengenezewa mguu wa kiume: pana, zinachezacheza kisiginoni. Vipachiko, yaani meno ya soli, vikiwa virefu kwenye uwanja wa vumbi na changarawe havizami ardhini, kwa hiyo shavu la mguu linafanya kazi ya ziada kumsawazisha mchezaji kila hatua. Kwenye changarawe tafuta vipachiko vifupi vingi.

Sasa tahadhari ambayo sijaisikia ikitajwa vya kutosha. Wachezaji wengi wa Nairobi asili yao ni kando ya Ziwa Victoria, Magharibi au Pwani, maeneo ambayo chembe ya selimundu (sickle cell, hali ya damu ya kurithi) ni ya kawaida. Aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja huishi bila ugonjwa wala dalili, lakini mbio kali mfululizo bila kupumzika zinaweza kumwangusha. Tofauti na mshiko wa kawaida ni hii: yeye huanguka mapema, ndani ya dakika chache za mbio, miguu imelegea na misuli ni laini ukiishika, wala hapigi mayowe. Usimnyooshe ukadhani ni mshiko, na usimwambie ainuke amalizie. Simamisha kila kitu, mpooze, apelekwe hospitali. Kipimo chake ni cha damu, kinafanywa mara moja tu maishani.

"Siku ya pili baada ya mechi siwezi kushuka ngazi"

Hii ndiyo dalili inayotisha zaidi na yenye hatari ndogo zaidi. Kila unapofunga breki, unapotua baada ya kuruka, au unapogeuka ghafla, msuli unakaza huku unavutwa kuwa mrefu. Kazi ya namna hiyo huacha michubuko midogo sana ndani ya nyuzi zake. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda kwa sababu kushuka ni kufunga breki kila hatua.

Asidi ya laktiki, inayolaumiwa kila mahali, haihusiki. Ile hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mchezo. Kwa hiyo "kukimbia kuitoa asidi" Jumapili asubuhi ni kumtesa mtu kwa kosa lisilo lake.

Tembea, endesha baiskeli polepole kama ipo, kula, lala. Kunyoosha misuli kunaleta raha kidogo lakini hakuponyi haraka. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza: kazi ileile ikirudiwa baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo zaidi. Ndiyo sababu wiki ya kwanza baada ya likizo ya Desemba huwa mbaya kuliko zote, na ndiyo sababu isianze na mbio za kupanda mlima Ngong. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku ya nne, au yakiwa mguu mmoja tu, ruka mbele hadi sehemu ya "panauma hapa tu".

"Miguu mizito tangu tunapasha mwili"

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo wengi walipo.

Mchukue beki wa pembeni wa kilo 58 anayefanya kazi saluni Githurai. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa chai ya sukari na mandazi mawili. Saa saba mchana mteja wa kusuka yuko kwenye kiti, chakula kinasogezwa mbele mpaka kinasahaulika. Saa tisa yuko kwenye matatu Thika Road, saa kumi na nusu yuko uwanjani Ruaraka. Anafika nyumbani saa mbili usiku, anapika, anawapakulia wadogo zake kwanza, na saa tatu na nusu anakula ugali na sukuma akiwa amechoka hata kutafuna. Analala saa tano na nusu.

Piga hesabu. Kwa wiki yenye mazoezi magumu na mechi, anahitaji wanga gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito hasa siku ya kabla ya mechi, siku ya mechi na siku inayofuata. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni karibu gramu 350. Mandazi na chai vinampa kama 65. Sahani ya ugali wa gramu 150 za unga ni kama 110. Amepata nusu, na sehemu kubwa ya hiyo nusu imeingia baada ya mazoezi kwisha. Misuli hukimbia kwa wanga uliohifadhiwa ndani yake, na baada ya mechi kamili ghala hilo huchukua saa 48 hadi 72 kujaa tena, hapo ni kwa anayekula vizuri. Huyu dada hajai kamwe. Anaanza kila Jumanne na salio la Jumamosi.

Kinachombadilisha ni muda wa kula kuliko bei ya chakula. Githeri au viazi vitamu kwenye kontena, viliwe saa sita hata kama mteja yuko kitini, hata kwa vipande. Ndizi mbili kwenye matatu. Mazoezi yakiisha, kabla ya kuondoka uwanjani, pakiti ya maziwa ya nusu lita na ndizi mbili nyingine: hapo kuna wanga kama gramu 75 na protini kama 16, kiasi ambacho wataalamu wanataka kwa saa ya kwanza kwa mtu wa uzito wake. Tumbo likisumbuliwa na maziwa, maziwa lala hukubalika zaidi. Siku ya mechi, mlo mkubwa uwe saa tatu au nne kabla, na usiwe chipsi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni.

Protini pia, gramu 1.6 au zaidi kwa kilo kwa siku. Kwake ni 93. Inasikika nyingi mpaka uanze kuhesabu: mayai mawili 12, kikombe cha maharagwe yaliyoiva 15, yale maziwa 16, na omena wanamaliza kazi kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Igawanye kutwa nzima. Sahani moja kubwa ya usiku haifanyi kazi ya milo minne.

Kuna sababu nyingine ya kutokula ambayo haihusiani na saluni. Mtu alimwambia amenona. Makocha, acheni kupima wasichana uzito hadharani na kutaja namba. Nimeona zaidi ya mmoja akipoteza kasi yake kwa neno lililosemwa kwa mzaha.

Kama chakula kiko sawa, tafuta mzigo uliojificha. Mchezaji mmoja anaweza kuwa na timu ya ligi, timu ya chuo na timu ya mtaa, na kila kocha anahesabu mazoezi yake tu. Njia rahisi ya kuona jumla haihitaji saa ya bei ghali: baada ya kila zoezi au mechi mchezaji ataje ugumu kutoka 0 hadi 10, zidisha kwa dakika. Mechi ya dakika 90 aliyoipa 8 ni 720. Jumlisha wiki, linganisha na wiki tatu zilizopita. Namba ikiruka ghafla, uchovu umejieleza. Mwambie aandike zote, hata za mtaani, na umhakikishie hutamnyima nafasi ya kucheza kwa kusema kweli. Vinginevyo utaandikiwa uongo.

Usingizi: saa nane, na wengi wao hawafiki sita. Chumba kimoja, televisheni ya jirani, simu mkononi. Huwezi kumjengea nyumba, lakini unaweza kuhamisha mazoezi ya alfajiri yanayomwamsha saa kumi, na unaweza kumwambia chai ya rangi ya saa mbili usiku bado iko kwenye damu yake usiku wa manane. Usingizi wa mchana wa dakika 20 hadi 30 siku ya mapumziko husaidia kweli.

Mchezaji aliyetoka Mombasa juzi ana kesi yake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na siku za kwanza atahema na kuchoka mapema bila kuwa mgonjwa wala mvivu. Mpe wiki mbili kabla ya kumhukumu.

Na mpimeni sidiria jamani. Wengi huvaa mbili za kawaida kwa pamoja, zinawabana mbavu, wanashindwa kuvuta pumzi ya chini. Moja ya michezo inayokaa vizuri inatosha.

"Nahema kuliko wenzangu, na sikuwa hivi"

Moyo unaenda mbio kwa kazi ndogo, ngazi za kawaida zinamshinda, anatamani kutafuna barafu au udongo, kucha zinavunjika. Hapa shuku madini ya chuma. Mwanamke anayetoka hedhi huyapoteza kila mwezi, na mwanamichezo huyapoteza pia kwa jasho na kwa chembe za damu zinazovunjika nyayo zinapogonga chini.

Hospitali nyingi zitapima hemoglobini, zikiona iko 12, zikuambie uko sawa. Omba na ferritini. Hemoglobini ni unga ulio jikoni. Ferritini ni mahindi yaliyo ghalani. Unaweza kupika leo na kesho huku ghala limebaki mapanya, na mchezaji huanza kuchoka hata kabla jikoni hakujaisha. Ferritini chini ya 30 kwa mwanamichezo ni sababu ya kuzungumza na daktari. Tena, kwa kuwa tunaishi juu, damu ya mtu wa Nairobi inatakiwa kuwa na hemoglobini nyingi kidogo kuliko ya mtu wa Pwani, na Shirika la Afya Duniani huirekebisha mizani kwa kigezo hicho. Ile 12 inayompitisha mtu wa Mombasa inaweza kuwa upungufu kwako. Usipime ferritini kesho yake baada ya mechi wala ukiwa na homa, kwa sababu uvimbe mwilini huipandisha kwa uongo.

Chakula: omena, maini, nyama nyekundu kidogo, ndengu, maharagwe, terere. Mboga na nafaka hutoa madini haya kwa shida, kwa hiyo vifuatane na kachumbari, limau au chungwa. Adui mkubwa wa Mkenya ni chai ya pamoja na chakula, maana inaweza kupunguza madini yanayofyonzwa kutoka kwenye mboga na nafaka kwa zaidi ya nusu. Sogeza chai saa moja mbele au nyuma ya mlo. Najua naomba mambo makubwa.

Vidonge vya madini ya chuma vinywewe kwa kipimo na ushauri, kwa sababu ziada inadhuru. Ukiandikiwa, vinywe asubuhi, kwa kuwa saa chache baada ya mazoezi makali mwili hufunga mlango wa kuyapokea. Wengi huvumilia vizuri zaidi, na kufyonza vizuri, wakinywa siku moja na kuruka moja. Muulize daktari wako. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Na uliza kwa nini damu inapungua. Kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, kutoka mabonge makubwa, au siku zaidi ya saba, hiyo ni hedhi nzito na ina matibabu. Si "maumbile yake".

"Hedhi imepotea, lakini afadhali, haisumbui"

Wachezaji husema hivi wakicheka. Kwanza apime mimba, bila mahubiri. Kama si mimba, na miezi mitatu imepita, mara nyingi mwili umezima kazi ambazo hauwezi kuzigharimia. Nishati inayoingia haitoshi mazoezi na uhai kwa pamoja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi, RED-S (upungufu wa nishati michezoni), mwaka 2014 na kuhuisha maelezo yake 2018 na 2023. Dalili zake: misuli haijengeki, maradhi madogo hayaishi, hasira hazielezeki, na mifupa inapungua unene kwa umri ambao ilipaswa kuongezeka. Mchezaji anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa na bado yuko humo. Tiba ni chakula zaidi na mazoezi pungufu kwa muda, akisaidiwa na daktari. Hakuna mkato.

Ugumu wa hapa kwetu ni sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, ambayo inapendwa sana na mara nyingi huondoa hedhi yenyewe. Kwa anayeitumia, taa hii ya tahadhari haiwaki. Angalia alama nyingine: kuumia mara kwa mara, mafua yasiyoisha, kupungua nguvu. Sindano hiyo nayo hupunguza uzito wa mifupa kiasi, kwa hiyo anayecheza sana na kula kidogo azungumze na muuguzi kuhusu njia nyingine.

Kwa wenye hedhi ya kawaida: athari ya siku za mzunguko kwenye nguvu ni ndogo kwa wastani, na hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Usipange timu kwa kalenda. Kila mchezaji aandike yake, na anayeumwa sana siku ya kwanza apewe nafasi. Hata kanuni za FIFA zilizoanza Juni 2024 zinamtambulia mchezaji wa kulipwa haki ya kukosa mazoezi au mechi kwa sababu za afya ya hedhi bila kukatwa mshahara.

"Panauma hapa tu"

Kidole kimoja kinapaonyesha. Kama ni kwenye mfupa, hasa muundi au juu ya wayo, panauma ukibonyeza, panauma usiku, na kuruka kwa mguu huo mmoja kunamfanya akunje uso, mchukulie ana ufa wa mfupa mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Picha ya kawaida ya eksirei wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Asicheze kwa kuwa "picha ni safi".

Kama ni kwenye msuli na ilianza ghafla katikati ya mbio, huo umechanika. Siku mbili za kwanza: bandeji ya kubana, mguu juu, baridi kwa dakika 10 hadi 15, na hakuna kuchua wala maji moto. Mafuta ya kuchua na mikono yenye nguvu ya shangazi siku ya kwanza huongeza damu ndani. Nyuma ya paja hujirudia kwa wanaorudi mapema. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako akishika vifundo, ukijishusha mbele polepole, hupunguza majeraha hayo karibu nusu kwa timu zinazolifanya kila wiki. Halina gharama, na hakuna anayelipenda.

Usisubiri kesho

Mkojo wa rangi ya kola baada ya mazoezi makali na misuli kuvimba: msuli unavunjika na figo ziko hatarini, hospitali saa hiyo hiyo. Shavu moja la mguu limevimba na lina joto, hasa kwa anayetumia vidonge vya kupanga uzazi au aliyetoka safari ndefu ya basi: huenda ni damu iliyoganda. Kuzimia au kubanwa kifua katikati ya mbio: asiguse mpira tena kabla ya kupimwa moyo.

Na homa na mwili kuuma wiki moja au mbili baada ya mechi ya ugenini Kisumu, Kakamega au Busia usiite uchovu wa safari. Nairobi malaria ni adimu, ndiyo maana watu husahau kuipima. Pima siku hiyo.

Barafu, kuchua na diklofenaki

Maji baridi ya nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika 10 au 15 hupunguza maumivu, na yanafaa mkiwa na mechi mbili karibu karibu. Pipa la maji na barafu ya duka la samaki linatosha. Baada ya mazoezi ya nguvu yaacheni, maana hupunguza msuli kujengeka. Kuchua kunaleta nafuu ya hisia, na hisia si kitu kidogo.

Kinachonikera ni dawa za maumivu kutoka kemisti, diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kabla ya mechi ili "kuzuia". Kwenye mwili uliokauka maji zinaumiza figo, kwenye tumbo tupu zinaleta vidonda, na zinaficha ufa wa mfupa mpaka uvunjike. Anayezihitaji ili acheze, hachezi.

Jumatatu ya kocha

Mmefungwa Jumamosi, Jumatatu mnakimbizwa mizunguko ishirini ya adhabu. Hiyo ni saa ya 48, misuli bado inajirekebisha na wanga haujarudi, na goti la msichana, ambalo tayari liko kwenye hatari ya kukatika kano ya mbele mara mbili au tatu kuliko la mvulana, linategemea misuli hiyo hiyo kulilinda. Jumapili pumziko au matembezi. Jumatatu mpira mwepesi wa dakika 40. Kazi kali Jumanne jioni au Jumatano, ikianza na dakika 20 za FIFA 11+, upashaji mwili wa kuzuia majeraha, ambao unahitaji koni chache na nidhamu. Alhamisi kasi fupi, Ijumaa kidogo sana.

Waliokaa benchi ndio wanaopaswa kukimbia Jumapili au Jumatatu. Wape mbio zao za kasi, waandikie namba zao kwenye daftari lile lile, ili siku watakapoingia dakika ya 60 miguu yao iwe imeshakutana na mwendo huo.